Meno ya mbwa: maswali ninayoulizwa na wafugaji wa Nairobi

Kazi yangu ni kuosha mbwa na kuwanyoa, nyumba hadi nyumba, leo Kasarani, kesho Lang'ata. Kabla sijafungua maji humwinua mbwa mdomo wa juu kwa kidole gumba nimtazame meno. Mara nyingi mwenyewe husimama kando akishangaa, kwani amemfuga miaka 5 na hajawahi kuyaona magego yake. Hapo ndipo maswali haya huanzia. Mimi si daktari wa mifugo. Niliyoyaandika hapa ni kazi ya nyumbani, na penye kazi ya daktari nimesema hivyo.

Kweli mbwa anahitaji kupigwa mswaki? Mbwa wa babu hakupigwa mswaki na aliishi.

Aliishi, lakini hakuna aliyemtazama kinywa. Mbwa haachi chakula kwa sababu jino linamuuma. Atameza bila kutafuna, atahamia upande mmoja, na sisi tutasema anakula vizuri.

Yanayotokea mle ndani ni haya. Baada ya kula, utando laini wenye bakteria hujitandaza juu ya meno, na ndani ya siku 1 umeshajijenga. Usipoondolewa, madini yaliyo kwenye mate huugandisha ndani ya siku chache ukawa ukoga, ule mgando wa rangi ya kahawia unaouona kwenye magego ya nyuma. Utando laini unatoka kwa mswaki. Ukoga hautoki. Kisha bakteria huingia chini ya ufizi na kula kile kinacholishikilia jino kwenye taya, na hayo huyaoni kwa macho. Mbwa wengi wakifika miaka 3 tayari wana dalili za ugonjwa wa fizi, na walio wadogo wa umbo huanza mapema zaidi kwa sababu meno yao yamebanana.

Mbwa hupata matundu ya meno kwa nadra kuliko sisi. Kwa hiyo usitafute shimo jeusi. Tazama pale jino linapokutana na ufizi: mstari mwekundu pale ndio habari.

Kinywa chake kinanuka. Si ndivyo mbwa walivyo?

Hapana. Pumzi ya mbwa mwenye afya ina harufu kidogo ya chakula, basi. Uvundo unaokufanya ugeuze uso ni ugonjwa, mara nyingi wa fizi, na wakati mwingine wa figo au kitu kilichokwama kinywani. Pakinuka, usinunue kitu cha kupuliza cha kuficha harufu. Tafuta kinachonuka.

Nikitoa mswaki anakimbia. Nianzeje?

Anza bila mswaki. Hili ndilo swali ninalolijibu kwa hamu kuliko yote, maana watu wengi hushindwa siku ya kwanza: wanamshika mbwa kwa nguvu, wanamfungua taya, wanamsugua, na kuanzia hapo mbwa akiona mswaki anajificha chini ya gari. Mbwa hahitaji kufungua kinywa hata kidogo.

Chagua wakati mmoja, tuseme jioni kabla ya kumpa chakula, na mahali pamoja, pale pale kila siku. Keti kando yake, usisimame juu yake. Siku chache za kwanza mguse shavu tu, uinue mdomo wa juu sekunde 2, umsifu, umpe kipande kidogo cha nyama. Akitulia, zungushia kidole kitambaa safi kilichochovywa kwenye supu ya nyama isiyo na chumvi wala kitunguu, upitishe juu ya chonge. Kesho yake nenda nyuma kidogo. Akigeuza kichwa, rudi hatua ya jana. Wiki ya pili au ya tatu mpe mswaki aulambe ukiwa na dawa ya meno ya mbwa, kisha ndipo uusogeze kwenye meno.

Mswaki wenyewe unaenda hivi. Taya limefungwa, unainua shavu kwa mkono mmoja, nywele za mswaki unazilaza kwenye mpaka wa jino na ufizi, zikiwa zimeinama nusu kuelekea ufizini, na unazungusha taratibu, duara ndogo ndogo. Anza na magego makubwa ya juu nyuma, maana karibu na hapo ndipo mate hutokea kwa wingi na ndipo ukoga huanza. Kisha chonge, kisha ya mbele. Upande wa nje unatosha. Ulimi hufanya kazi upande wa ndani. Sekunde 30 kila upande. Siku atakayokuruhusu upande mmoja tu, chukua huo, umsifu, mwende mkale.

Kila siku ndiyo bora. Siku moja ndiyo, moja hapana, bado kuna faida kubwa. Mara moja kwa wiki ukoga utakuwa umeshakutangulia.

Nitumie dawa yangu ya meno?

Usitumie. Mbwa hajui kutema, kila unachomwekea anameza. Dawa zetu zina floraidi na povu, na nyingine zina zailitoli, sukari mbadala isiyotudhuru sisi. Kwa mbwa, zailitoli hushusha sukari ya damu ghafla, mara nyingi ndani ya saa 1, na inaweza kuliharibu ini. Ni hiyo hiyo iliyo kwenye chingamu nyingi zisizo na sukari na kwenye baadhi ya siagi za karanga, kwa hiyo soma maandishi ya kopo kabla hujamlambisha. Akiwa amekula kitu chenye zailitoli, usingoje dalili. Mpeleke kwa daktari papo hapo.

Dawa ya meno ya mbwa, yenye ladha ya kuku au nyama, hupatikana kwenye kliniki za wanyama na maduka ya vifaa vya mbwa. Ukiikosa, mswaki uliolowa maji peke yake unafanya sehemu kubwa ya kazi, kwa sababu kinachoondoa utando ni kule kusugua. Mswaki laini wa mtoto wa supamaketi unatosha kabisa. Kwa mbwa mkubwa chukua wa mtu mzima, ila uwe laini. Badilisha nywele zikishatanuka, na kila mbwa awe na wake.

Na magadi, chumvi, makaa, ndimu, karafuu?

Nimeyaona yote. Magadi na chumvi ni sodiamu nyingi ndani ya tumbo la mnyama asiyetema. Ndimu ni asidi, inalika jino. Makaa yaliyosagwa yanakwaruza. Mafuta ya karafuu yanaunguza fizi. Sijui ni kwa nini tunawatafutia mbwa njia ngumu wakati maji na mswaki viko jikoni.

Mswaki wa mti nao, ule unaouzwa barabarani umefungwa mafungu, ni mzuri kwako. Mbwa akipewa atautafuna wote, na nyuzi zake hujibana katikati ya meno au kukwama juu kwenye kaakaa. Vijiti vya uani vivyo hivyo.

Mifupa ya bucha si ndiyo mswaki wa mbwa?

Hapa naomba unisikilize, kwa sababu nimelipa kwa mbwa wangu mwenyewe.

Popi alikuwa wa rangi ya kahawia, masikio moja juu moja chini, na kila Jumamosi nilimletea mfupa wa mguu wa ng'ombe kutoka bucha. Alikuwa akilala nao chini ya tangi la maji, ukisikia tu ule mlio wa jino juu ya mfupa. Nilidhani namfanyia wema. Siku moja nikamwona anachukua ugali upande wa kushoto, kichwa amekiinamisha, tonge linamponyoka kulia. Nikasema uzee. Miezi ikapita. Kisha asubuhi moja akaamka na uvimbe chini ya jicho la kulia, saizi ya ndimu. Daktari alipoinua shavu akanionyesha: gego kubwa la juu lilikuwa limemeguka ubavu mzima, kama ubamba wa jiwe, na katikati palikuwa na nukta nyeusi. Usaha ulipanda kutoka kwenye mzizi hadi chini ya jicho. Alikuwa ametembea na hilo jino miezi yote ile, akinipokea langoni kila jioni akitikisa mkia.

Gego hilo la juu ndilo hufanya kazi ya mkasi, na huvunjika mara nyingi mbwa anapotafuna vitu vigumu. Mfupa wa mguu wa ng'ombe ni mgumu kulishinda. Mfupa uliopikwa hauna nafuu: hupasuka vipande vyenye ncha vinavyochoma koo na utumbo, na wa kuku ni hatari zaidi. Kwato, pembe na mawe viko kundi hilo hilo. Kipimo changu ni kucha: bonyeza kitu hicho kwa ukucha wa gumba, na kisipobonyea hata kidogo, ni kigumu mno kwa meno yake.

Ukitaka cha kutafuna, tafuta chenye muhuri wa Veterinary Oral Health Council, baraza la Marekani lililoanzishwa 1997, ambalo hutoa muhuri kwa bidhaa zilizojaribiwa na kuonekana kweli zinapunguza utando au ukoga. Kiwe kikubwa kuliko anachoweza kumeza kwa mpigo mmoja, na ukae naye anapotafuna.

Na kuhusu matumbo na mapafu mabichi ya kichinjio: usimpe. Mle hukaa malengelenge ya tegu ambaye mbwa akimla hukua utumboni mwake, na mayai yake yakimpata mtu humletea uvimbe wa maji ndani ya ini au mapafu. Nyama za namna hiyo zichemshe kwanza.

Anakula ugali. Ndio unaomharibu meno?

Ugali peke yake haumharibu. Ni laini na unanata, kwa hiyo hausaidii kusafisha, ila hata chakula kikavu cha gunia hakisafishi sana kama tulivyoaminishwa. Punje hupasuka kwenye ncha ya jino kabla haijafika ufizini. Anayekula ugali na omena na anayekula chakula cha gunia wote wanahitaji mswaki.

Mbwa wangu mchanga meno yanang'oka. Ni ugonjwa?

Ni umri. Mbwa huota meno 28 ya utotoni, na kati ya miezi 4 na 7 hivi huyabadilisha kuwa 42 ya ukubwani. Utaona tone la damu kwenye mdoli wake, au kijino sakafuni kama punje ya mchele. Wakati huo fizi zinawasha, kwa hiyo punguza mswaki, endelea tu kumgusa kinywa ili asisahau. Kitambaa kilicholowa na kuwekwa kwenye friji humpa nafuu.

Kitu kimoja uangalie sana, hasa kwa Japanese Spitz, Maltese na jamii zao ndogo: chonge mpya ikiota huku ya utotoni imeganda pale pale, mbili kando kando. Chakula hujaa katikati na jino jipya hupinda. Akifika miezi 7 bado ziko mbili, mwonyeshe daktari. Mara nyingi ya zamani hung'olewa.

Ukiona meno mapya yana mabaka ya kahawia na vishimo, huenda mbwa huyo aliugua distempa, ugonjwa wa virusi wa mbwa, akiwa mdogo, wakati enameli, lile ganda gumu la nje la jino, ilikuwa bado inajengwa. Maji ya visima yenye floraidi nyingi, ambayo katika sehemu kadhaa za Nairobi na Bonde la Ufa hupita kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita kilichowekwa na Shirika la Afya Duniani, nayo huacha mabaka kwenye meno yanayokua, ya watoto na ya wanyama. Madoa hayo hayatoki kwa kusugua. Meno ya namna hiyo ni dhaifu, basi tumia mkono mwepesi zaidi.

Chonge za mbwa wetu wa ulinzi zimelika kwa nyuma. Kwa nini?

Anauma waya wa kibanda au vyuma vya geti. Mbwa anayefungiwa mchana kutwa huku watu na bodaboda wakipita hushika waya kwa meno na kuvuta, na sehemu ya nyuma ya chonge huisha polepole mpaka jino linakatika. Mswaki hautaponya hilo. Mzibie asione barabara, umtoe atembee asubuhi na jioni, umpe mdoli imara wa mpira wa kutafuna. Mpira wa tenisi nao, ukishajaa vumbi, husugua meno kama msasa.

Ukoga umeshakuwa mgumu. Nikwangue kwa kijiko au kisu?

Usikwangue. Utaichana enameli iwe na mikwaruzo, na mikwaruzo hushika utando haraka kuliko mwanzo. Tena unachokiona ni cha juu. Kinachong'oa jino kiko chini ya ufizi. Vivyo hivyo kwa yeyote anayejitolea kumkwangua mbwa akiwa macho: meno yatang'aa na ugonjwa utabaki.

Usafishaji wa kweli hufanywa na daktari mbwa akiwa amelala kwa nusukaputi, na mrija wa kupumulia kwenye koo ili maji na uchafu visiingie mapafuni. Sehemu kubwa ya jino imejificha ndani ya taya, kwa hiyo kliniki yenye mashine ya eksirei ya meno ina faida. Najua watu huogopa nusukaputi, hasa kwa mbwa mzee. Uliza atapimwa damu kabla, na ni nani atakayemwangalia pumzi na moyo akiwa amelala. Daktari mzuri atafurahi umeuliza.

Baada ya hapo ndipo mswaki wako unakuwa na maana kubwa, kwa sababu utando hurudi jioni ile ile.

Fizi zake ni nyeusi. Na siku nyingine zinatoka damu.

Weusi wa kuzaliwa, laini na usio na uvimbe, hauna neno. Mbwa wengi wanao. Damu kidogo mwanzoni mwa wiki za kwanza za mswaki hutokana na fizi zilizovimba, na hupungua.

Lakini zoea rangi ya kawaida ya fizi za mbwa wako, zile sehemu za waridi. Zikiwa nyeupe kama karatasi, au zina vinukta vyekundu kama vya kalamu, au pua inatoka damu, fikiria homa ya kupe, ambayo huku kwetu ni ya kawaida na huua. Hapo usiongelee meno, mpeleke siku hiyo hiyo. Uvimbe wowote wa nyama unaokua kinywani nao uonwe mapema: upo uvimbe unaoambukizwa kutoka mbwa hadi mbwa kwa kupandana na kulambana, na ukigunduliwa mapema unatibika.

Udenda unamtoka, hawezi kumeza, kama mfupa umemkwama. Nitie mkono nitoe?

Usitie mkono. Mbwa ambaye taya limelegea, udenda unamtiririka, sauti imebadilika au tabia imegeuka ghafla anaweza kuwa na kichaa cha mbwa, na hasa kama chanjo yake imepita au hujui historia yake. Mfungie mahali peke yake, watoto wakae mbali, umpigie daktari aje. Kama mate yake yameshagusa jeraha lako au amekung'ata, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyo kwa chanjo. Dalili zikishatokea kwa mtu karibu hakuna anayepona. Kenya imejiwekea lengo la kuumaliza ugonjwa huu kwa binadamu ifikapo 2030, na chanjo ya kila mwaka ya mbwa wako ni sehemu ya kazi hiyo. Usianze mazoezi ya mswaki kwa mbwa ambaye hajachanjwa.

Jino limevunjika, naona ana maumivu. Nimpe dawa gani?

Hakuna iliyo kwenye kabati lako. Ibuprofeni na diklofenaki, zile tunazonunua duka la dawa bila kufikiri, humtoboa mbwa tumbo na kumwua figo. Hata Panadol si ya kumpa kwa kukisia. Mpe chakula laini, ondoa vitu vya kutafuna, umpeleke.

Ukiona nukta nyekundu, ya waridi au nyeusi katikati ya jino lililovunjika, roho ya jino iko wazi. Jino hilo linatibiwa mzizi au linang'olewa. Hakuna kusubiri lizoee. Popi aling'olewa, na baada ya wiki 2 alikuwa anakula kwa pande zote mbili na kukimbia uani kama mbwa mwingine. Ndipo nilipojua alikuwa ameumia kiasi gani.

Nimpeleke kwa nani?

Kwa daktari wa mifugo aliyesajiliwa na Kenya Veterinary Board, na usione haya kuomba kuona usajili wake. Sheria ya 2011 inamtaka awe nao. Chuo Kikuu cha Nairobi kina kitivo cha tiba ya mifugo kule Kabete. Unapopiga simu uliza waziwazi: mnasafisha meno ya mbwa, au mnang'oa tu? Mwuzaji wa agroveti anaweza kukuuzia dawa ya minyoo. Meno si kazi yake.

Mimi narudi usiku, mbwa analishwa na mlinzi. Nani ampige mswaki?

Anayemlisha. Mbwa humfungulia kinywa yule anayemwamini, na mara nyingi ni mlinzi au dada wa nyumbani. Wafundishe, kwa heshima, na uwaongezee kitu kwa kazi hiyo. Kuna mlinzi mmoja wa Kasarani, baba wa makamo, ambaye sasa hupiga mswaki mbwa 2 wa boma kila jioni saa 12 kabla ya kuwafungulia. Huketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, mbwa mkubwa anakuja mwenyewe na kuegemeza kidevu juu ya goti lake, na mdogo anangoja zamu. Yeye ndiye aliyemwambia mwenye nyumba kwamba ufizi wa yule mdogo umebadilika rangi. Walimkuta na homa ya kupe, ikiwa bado changa.